Vipimo vya ultrasaundi kwa kondoo wenye mimba: kipi kinahesabu watoto na kipi kinabahatisha

Kifaa cha kupima mimba ya kondoo huuzwa kwa sifa nyingi: skrini pana, picha yenye rangi, uzito mdogo, betri ya kutwa nzima. Kabla ya hayo yote kipimwe kwa jambo moja: je, mpimaji akikishika anaweza kuhesabu watoto walio tumboni, jike mmoja baada ya mwingine, kwa kasi itakayomaliza kundi kabla kondoo hawajachoka na kushinda njaa? Kujua kwamba jike ana mimba au hana ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi. Faida kubwa imo kwenye hesabu, kwa sababu ndiyo inayoamua nani ale nini katika wiki 6 za mwisho.

Chukua kundi la mfano la majike 100: 6 hawana mimba, 54 wana mtoto mmoja, 36 wana mapacha, 4 wana watatu. Mfugaji asiyejua nani ni nani huwapa wote kilo 0.5 za chakula cha nyongeza kwa siku, na baada ya siku 42 atakuwa ametumia kilo 2,100. Akishawatenga, wasio na mimba hawapewi kitu, wenye mmoja wanapata kilo 0.3, wenye mapacha 0.6, wenye watatu 0.8. Jumla inashuka hadi kilo 1,722, na papo hapo wenye mapacha wanakula zaidi ya walivyokuwa wakila. Viwango vyenyewe vitapanda au kushuka kulingana na malisho na unene wa kondoo, ila mwelekeo ni huo huo. Takriban asilimia 70 ya uzito wa mtoto wa kuzaliwa hujengeka katika wiki hizo 6. Jike mwenye mapacha asiyeshiba huanza kuyeyusha mafuta ya mwili wake, ini linalemewa, naye anaingia kwenye sumu ya mimba: anajitenga na wenzake, anasusa chakula, anatembea kama asiyeona, mwishowe analala asiinuke. Upande wa pili, mwenye mtoto mmoja akilishwa kama mwenye mapacha, mtoto hukua kupita njia na uzazi unakwama. Kifaa kinachosema "ana mimba" bila kusema ya wangapi kinawaacha wote wawili kwenye sinia moja.

Vifaa visivyotoa picha

Vya bei ya chini kabisa ni vile vya mkononi vinavyotoa mlio au taa. Viko vya aina mbili. Aina ya kwanza hutuma wimbi moja tumboni na kusubiri mwangwi kutoka kwenye ukuta wa majimaji. Ikikuta majimaji kwa kina fulani, inalia. Tatizo ni kwamba haijui ni majimaji ya nini. Kibofu kilichojaa mkojo kinaliza kifaa sawasawa na mfuko wa mimba, na vivyo hivyo kizazi chenye usaha au maji yasiyo na kijusi. Aina ya pili husikiliza mwendo wa damu na mapigo ya moyo wa kijusi. Hiyo haidanganywi na kibofu, lakini inahitaji sikio lenye mazoezi na utulivu ambao zizi halina, na hufanya vizuri mimba ikishakuwa kubwa, wakati ambapo maamuzi mengi yamekwisha kupita.

Hakuna kati ya hivyo viwili kinachohesabu. Mwenye kondoo 10 anayetaka tu kujua yupi amuuze anaweza kuridhika navyo. Zaidi ya hapo ni kutupa fedha, hata kama bei inavutia. Upimaji wa kondoo kwa mawimbi ya sauti ulianza na vifaa vya namna hii katika miaka ya 1960. Kilichofungua mlango wa kuhesabu ni picha inayotembea papo kwa papo, na mwaka 1984 Fowler na Wilkins wa Australia walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba picha hizo zinatoa idadi ya vijusi pamoja na kuonyesha mimba. Kununua leo kifaa kisicho na picha ni kurudi nyuma ya hapo.

Probu ya kuingiza kwa nyuma

Probu ni kichwa cha kifaa kinachogusa mwili wa mnyama na kutuma mawimbi. Hii ndiyo probu nyembamba, bapa, yenye mawimbi ya megahezi 5 hadi 7.5, ile inayotumika sana kwa ng'ombe. Mawimbi ya juu hivyo hutoa picha kali lakini hayafiki mbali. Kwa megahezi 7.5 ni sentimita chache tu kabla picha haijafifia. Kwa mimba changa hilo ni jema, maana kizazi bado kimo ndani ya nyonga. Kuanzia siku ya 25 mpimaji mzuri anaweza kuona majimaji, kijusi na mapigo ya moyo. Wapo wanaotangaza siku ya 18 au 20. Inawezekana kuona kitu, ila makosa ni mengi mno kwa mtu kuyajengea uamuzi.

Kwa kuwa mkono hauingii kwenye kondoo, probu hufungwa kwenye kishikio kigumu cha plastiki. Kinyesi kinatolewa kwanza, kilainishi kinapakwa kwa wingi, kisha probu inasukumwa taratibu hadi kibofu kionekane, halafu inageuzwa kidogo kulia na kushoto. Ikikataa kwenda, isilazimishwe. Utumbo wa mwisho wa kondoo hutoboka, na jike aliyetobolewa mara nyingi haonyeshi lolote siku hiyo. Anakufa baadaye kwa uchafuzi wa tumbo. Kazi hii ni ya daktari wa mifugo au mtu aliyefundishwa naye.

Mahali pake ni kwenye kundi la mbegu bora, majike wachache wa thamani, walioingiziwa mbegu kwa mrija au kiinitete, ambapo mfugaji anataka jibu mapema ili asiyeshika arudishwe kwa dume. Kwa kundi la kawaida ni polepole, na baada ya siku 40 hivi kizazi kinateremka mbele kuelekea tumboni, probu inabaki ikitazama kibofu.

Probu ya mviringo ya tumboni

Vifaa vingi vinavyoonekana sokoni sasa ni vya aina hii: uso wa probu umepinda, mawimbi ni megahezi 3.5 hadi 5, picha inafunguka kama kipande cha duara. Megahezi 3.5 hupenya sentimita 20 na zaidi, kina kinachotosha kwa jike mkubwa. Hakuna kitu kinachozunguka ndani, hivyo probu huvumilia mtikisiko wa safari kuliko ile ya mota. Picha ni safi, kijusi cha siku 50 kinaonekana chote, na kifaa hicho hicho kinafaa kwa mbuzi na nguruwe.

Udhaifu wake ni upana wa picha. Pembe ya nyuzi 60 hivi inaonyesha kipande tu cha kizazi, kwa hiyo mpimaji analazimika kufagia huku na huku na kukumbuka alichokwisha kuona. Mtoto mmoja akigeuka, anaweza kuhesabiwa mara mbili. Pacha aliyejificha kwenye pembe ya pili ya kizazi anaweza kupitwa. Kwa majike 50 au 80 kwa siku hilo linavumilika. Kwa 600, akili ya mpimaji inachoka kabla ya betri.

Wauzaji huonyesha picha zenye rangi na vipimo vya damu. Kwa kondoo havina kazi. Angalia badala yake kama kina na mwangaza vina vitufe vya kubonyezwa hata mkono ukiwa na glavu yenye jeli, na kama skrini inasomeka juani. Skrini isiyosomeka nje hailetewi nafuu na kitu kingine chochote isipokuwa kizuizi cha jua au miwani ya kuvaa, na miwani inauzwa kando.

Probu ya mota

Ndani ya kichwa chake, kilichojazwa mafuta, kuna fuwele inayoyumbishwa au kuzungushwa na mota, na picha inafunguka kwa pembe pana sana. Kwenye mashine za kisasa zilizoundwa kwa ajili ya kondoo hufika nyuzi 170. Hapa ndipo bei inapopanda, na hapa ndipo kuhesabu kunapokuwa kazi nyepesi. Karibu kizazi chote kinaingia kwenye skrini kwa mara moja, vijusi viwili vinaonekana pamoja, na ukuta kati yao unaonekana. Mpimaji mzoefu aliyekaa chini kando ya kizimba kizuri, akiwa na watu wa kuleta kondoo, hupitisha majike 100 hadi 150 kwa saa, na wapo wanaozidi hapo. Kwa probu ya mviringo, mtu yule yule angekuwa amefika nusu.

Anayefanya biashara ya kupima hana sababu ya kuchagua nyingine. Mfugaji mwenye kundi lake pekee afikirie mara mbili: mashine hii hutumika siku mbili tatu kwa mwaka, kisha inakaa kwenye sanduku mafuta yakivuja polepole. Povu la hewa likiingia kwenye kichwa, linatupa kivuli cheusi katikati ya picha, na kichwa kinarudi kwa fundi wa kiwanda. Kubadilisha mafuta kwa mikono ya nyumbani huishia vibaya, kwani mafuta yenyewe ni maalumu kwa kupitisha sauti na yanajazwa bila kuacha hewa.

Kuhusu probu zisizo na waya zinazotuma picha kwenye simu: ubora wa picha umepanda, lakini zizini zina kasoro tatu. Picha inachelewa kidogo nyuma ya mkono, na kuchelewa huko kunavuruga kuhesabu. Simu juani inapata joto na kujizima. Na muunganisho ukikatika, kuna kondoo kizimbani anayesubiri huku jeli ikimkauka. Daktari anayepita kwa jike mmoja mmoja atazipenda. Kwa foleni hazifai bado.

Siku ya kupima

Kifaa kizuri siku mbaya hutoa majibu mabaya. Mimba ya kondoo huchukua siku 147 hivi, na kwa kupima tumboni dirisha la kuhesabu ni kati ya siku ya 45 na ya 90. Kabla ya hapo vijusi ni vidogo na huonekana kwa shida. Baada ya siku 100 kila kijusi kimekuwa kikubwa kiasi cha kujaza skrini peke yake, na anayekuwa nyuma yake hafikiwi. Mimba ya siku 120 inatambulika kwa sekunde moja, lakini idadi yake ni ya kukisia, na mpimaji mwaminifu atalisema hilo kabla ya kulipwa.

Tarehe inahesabiwa tangu dume kuingia. Dume akikaa siku 35, yaani mizunguko miwili ya joto ya siku 17 na ziada kidogo, basi siku ya 80 hadi 85 tangu aingie mimba kubwa zaidi ina siku 80 na kitu, na changa zaidi ina 45 na kitu. Wote wamo dirishani. Akiachwa siku 51, kupima kunasogezwa hadi siku ya 95 hivi na wa kwanza wanaanza kuponyoka. Dume anayekaa na majike mwaka mzima anaua faida ya kupima kabisa: siku yoyote utakayochagua kutakuwa na walioshika juzi, watakaosomeka kuwa hawana kitu, na wanaokaribia kuzaa, wasiohesabika. Kwa kundi la namna hiyo, fedha za ultrasaundi zitumike kwanza kujenga uzio wa dume.

Rangi kifuani mwa dume inasaidia sana na haina gharama kubwa. Ibadilishwe kila siku 16 au 17, kutoka ile nyepesi kwenda nyeusi zaidi ili ya pili iifunike ya kwanza. Siku ya kupima, jike mwenye rangi ya mzunguko wa mwisho akionekana hana mimba, anawekwa pembeni apimwe tena baada ya wiki 3 au 4. Asiye na rangi hiyo akionekana hana, jibu linaaminika.

Kabla kondoo hajafika kizimbani

Watolewe malishoni jioni ya kuamkia siku hiyo, wakae kama saa 12 bila kula. Tumbo la kwanza lililojaa nyasi na gesi linakisukuma kizazi mbali, na gesi hairuhusu mawimbi kupita hata kidogo. Skrini inaonyesha ukungu mweupe wenye mistari. Jike aliyeshiba pia anahema na kulala kizimbani, na uchafu wote unamshukia mpimaji. Maji yasizuiwe kwa muda mrefu. Na wale waliokonda, au ambao mimba imeshakwenda mbali, wasifungishwe kuzidi hapo, maana njaa ndefu kwa jike mwenye mapacha ndiyo inayowasha sumu ya mimba. Siku hiyo isichanganywe na chanjo, kukata kwato au kuogesha ikiwa inaweza kuepukwa: kondoo aliyelowa hashikiki vizuri, na kila shughuli inayoongezwa inarefusha njaa.

Njia ya kuingilia iwe nyembamba, yenye kuta zisizoonyesha nje, na sakafu isiyoteleza. Mbele ya kizimba kuwe na mwanga, kondoo huenda kwenye mwanga. Foleni ikisimama, mashine ya bei yoyote ile inasimama nayo. Mara nyingi kinachochelewesha ni mlango wa nyuma ya mpimaji, unaofunguliwa na mtu aliyepewa kazi mbili. Mmoja alete, mmoja afungue, mmoja apake alama, na asiwe na lingine.

Mkono na picha

Jike anasimama. Probu inakwenda upande wa kulia, kwenye ngozi isiyo na manyoya kinenani, mbele kidogo ya kiwele. Upande wa kulia kwa sababu tumbo la kwanza limekaa kushoto na kukisogeza kizazi huku. Tope lipanguswe, jeli ipakwe bila ubahili, probu ibanwe kwa nguvu ielekee juu na ng'ambo, upande wa nyonga ya kushoto. Hewa kidogo kati ya ngozi na probu inatosha kufuta picha yote. Ndiyo sababu ya kwanza ya picha mbovu, na wanaoanza huilaumu mashine.

Kina kianzie sentimita 15 hadi 18. Mwangaza upunguzwe hadi majimaji yawe meusi kabisa, kwa sababu majimaji yenye kijivu huficha kijusi kidogo. Kitafutwe kibofu kwanza: duara jeusi lisilo na kitu ndani, karibu na ukingo wa nyonga. Hapo ndipo pa kuanzia safari. Mbele na chini yake kinaonekana kizazi, kikiwa na majimaji meusi na vifundo vya kondo, ambavyo kuanzia siku ya 40 na kitu vinaonekana kama pete za kijivu au herufi C kulingana na vilivyokatwa na picha. Vifundo hivi ni ushahidi usiobishaniwa: kibofu hakina vifundo, usaha hauna vifundo. Jike mwenye majimaji mengi lakini bila kifundo na bila kijusi ana mimba ya uongo, na anapaswa kuonwa na daktari badala ya kupakwa alama ya mwenye mtoto.

Kijusi chenyewe ni mifupa myeupe: mbavu zimepangika kama meno ya kitana, uti wa mgongo ni mistari miwili ya nukta, na katikati ya kifua moyo unapepesa. Hesabu vifua au vichwa. Miguu isihesabiwe kamwe. Mapacha wathibitishwe kwa kuona vifua viwili kwenye picha moja, au kuona ukuta mwembamba unaowatenga. Kisha, hata baada ya kuona wawili, probu ifagie hadi mbele kabisa, kwani mtoto wa tatu hukaa mbali na kibofu na ndiko makosa mengi ya kuhesabu yanakotokea. Aliyeonekana mmoja naye afagiwe vivyo hivyo. Jibu la "mmoja" ndilo linalohitaji muda mrefu kuliko yote, kwa sababu maana yake ni kwamba umetafuta wa pili ukamkosa. Kijusi kisicho na mapigo, kilichozungukwa na majimaji yenye chembechembe na ngozi zilizolegea, kimekufa.

Jinsia ya mtoto inaweza kuonekana kwa kijusi kinachokaa vizuri, na wapo wanaoitoza. Kwa kondoo wa nyama au sufu, muda wake haurudishi chochote.

Kumtathmini mpimaji wa kukodi

Kwa makundi mengi, kukodi ni bora kuliko kununua. Ustadi unatokana na maelfu ya kondoo, na mwenye majike 120 hatawafikia. Wapimaji wazuri hufikia usahihi wa asilimia 98 au 99 kwa kusema ana mimba au hana, na asilimia 95 au zaidi kwa idadi, ndani ya dirisha lililotajwa. Anayeahidi asilimia 100 aulizwe upya kabla ya kupewa kazi.

Maswali ya kumuuliza kwa simu ni machache. Anatumia probu gani? Kizimba analeta yeye? Anatoza kwa kichwa au kwa saa? Anayetoza kwa kichwa ana kila sababu ya kukimbia. Si kosa, ila foleni yako isimlazimishe. Atarudi kwa waliowekwa pembeni, na kwa malipo gani? Anakisafisha kizimba na vifaa kabla ya kuja? Swali hili la mwisho husahaulika, wakati mtu huyu jana alikuwa kwenye kundi jingine, na majipu ya tezi pamoja na kuoza kwato husafiri kwa uchafu wa kizimba na viatu.

Kumkagua siku yenyewe ni rahisi. Chagua majike 20 aliokwisha kuwapima, andika namba za hereni na majibu, changanya alama, uwapitishe tena baadaye bila kumwambia ni akina nani. Majibu yakitofautiana kwa zaidi ya mmoja au wawili, asimame apumzike.

Ukaguzi wa kweli ni wakati wa kuzaa, lakini usomwe kwa haki. Jike aliyeambiwa hana mimba akazaa: kosa la mpimaji, isipokuwa alishika siku chache kabla ya kupimwa. Aliyeambiwa mmoja akazaa wawili: kosa la mpimaji. Aliyeambiwa wawili akazaa mmoja: hapo usiharakishe, kwa sababu kijusi kimoja kinaweza kufa na kufyonzwa au kutoka kikiwa kimekauka pamoja na kondo. Makosa ya aina hizo mbili za mwanzo ndiyo ya kuhesabu, na kati yake la mapacha kuitwa mmoja ndilo lenye gharama kubwa, kwani jike huyo atalishwa kidogo wakati anapohitaji zaidi.

Alama ziwe za rangi isiyofutika kwa mvua, mahali pamoja kwa kila idadi: kwa mfano, wasio na mimba alama kichwani, mapacha mgongoni, watatu kiunoni, mmoja bila alama. Kundi lenye wengi ndilo liachwe bila alama, rangi inaokolewa na foleni inakwenda. Siku hiyo hiyo upimwe na unene wao kwa kuugusa mgongo, kwa kipimo cha 1 hadi 5. Mwenye mapacha aliye chini ya 2.5 aende moja kwa moja kwenye kundi la kulishwa zaidi.

Namba zinapokuwa mbaya

Wasio na mimba wakiwa 2 au 3 kwa 100, hakuna la kutafuta. Wakipita 5 kwa 100, tafuta. Kama wote walipandwa na dume mmoja, dume apimwe: korodani ziguswe, miguu iangaliwe, mbegu zichunguzwe. Wakiwa wamekolea kwenye majike wachanga, unene wao wakati wa kupandwa ndio wa kwanza kushukiwa. Wakiwa wa kila rika na dume ni mzima, na picha zinaonyesha vizazi vyenye mabaki ya mimba, daktari achukue damu kutafuta maambukizi ya kimelea cha toksoplazma, ambayo yakimpata jike mimba ikiwa changa huiangamiza mimba hiyo bila dalili ya nje. Kupima hakutaonyesha utupaji mimba unaotokana na bakteria wa klamidia, maana huo huja wiki 2 au 3 kabla ya kuzaa, muda mrefu baada ya mpimaji kuondoka. Kundi lililopata majibu mazuri siku ya 85 bado linaweza kuvunjika siku ya 130.

Ukinunua kilichotumika

Iombwe mashine iwashwe mbele yako, probu ikiwa na jeli, juu ya mkono wako wenyewe. Kwenye probu ya mviringo, mstari mweusi unaoshuka wima usiohama ni fuwele iliyokufa, mara nyingi kwa kuangushwa. Mmoja pembeni unavumilika, mitatu katikati hapana. Kwenye probu ya mota, sikiliza: mlio wa kukwaruza ni mota inayokufa. Geuza kichwa juu chini uone kama kuna povu. Waya upindwe polepole pale unapoingia kwenye probu huku ukitazama skrini. Picha ikikatika, umeupata ugonjwa wake, na waya huo huuzwa pamoja na probu nzima. Betri ijaribiwe hadi iishe, wala usiikubali asilimia inayoandikwa kwenye skrini. Andiko la IP67 linamaanisha vumbi haliingii na kifaa kinahimili kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30, lakini kwa mashine iliyofunguliwa na fundi wa mtaani andiko hilo halina thamani tena.

Baada ya kazi probu ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni nyepesi, ikaushwe kwa kitambaa laini. Spiriti na mafuta ya petroli hukausha na kupasua uso wa mpira, na ufa mdogo unaingiza jeli hadi kwenye fuwele. Waya usikunjwe kwa nguvu wala kuzungushiwa mashine. Uachwe kwenye mizunguko mipana. Betri ya lithiamu itakayokaa miezi ihifadhiwe ikiwa nusu, mahali pakavu pasipo na joto, na iwashwe wiki moja kabla ya msimu ili kama imekufa, kuwe na muda wa kupata nyingine kabla dirisha la siku 45 hadi 90 halijafungwa.